Dakika Kumi na Tano, Mahé hadi Praslin

Praslin, Shelisheli
11 Januari 2024

Mjomba Dishon,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, mpe Anti Ajwang' salamu zake, maana najua ukishavaa miwani husikii mtu. Mimi nimefika salama na chakula kinapita.

Siku uliponisindikiza pale stesheni ya Voi ulinipa sharti: nisikupigie simu nikakueleza juu juu, niketi niandike, kwa sababu maneno ya simu hayawezi kurudiwa kusomwa. Haya, nimeketi.

Ndege kubwa ilitushusha Mahé, kisiwa kikubwa. Kutoka hapo nikapanda ndogo ya viti kumi na tisa mpaka huku Praslin, kisiwa cha pili. Kuna kilomita arobaini na nne. Nilifanya kama ulivyonifundisha: magurudumu yalipoachana na ardhi nikatazama saa, yalipoigusa tena nikatazama. Dakika kumi na tano, Mjomba. Hata kuogopa sikuwa nimemaliza.

Kazi nimeanza. Mama atakuwa amekwambia: nahudumia abiria ndani ya ndege hiyo hiyo, kwenda na kurudi. Sare ni ya bluu. Watu ni wazuri na sina la kulalamikia.

Mpwa wako,
Nasambu


Kaloleni, Voi
9 Februari 2024

Mpwa wangu Nasambu,

Salamu zako Anti yako amezipokea, akauliza kama hizo ndizo zote. Magoti yake yanamsumbua tu akiambiwa aende mahali asipotaka. Joto la Voi unalijua. Maji ya bomba yamerudi baada ya siku tisa na kila mtu mtaani anafua, hata asiye na nguo chafu.

Barua yako imechukua siku ishirini na tatu. Nimeisoma mara nne. Mama yako alikuja kutoka Mwatate Jumapili, akaisoma mara moja na kuibeba. Alisema wanawake wa kikundi chake cha kanisa lazima waione. Unamjua huyu dada yangu Sheila. Miaka ishirini na minane ya kukata mkonge, na sasa ana mtoto anayefanya kazi hewani. Anatembea kama aliyevaa viatu vipya. Anawaambia wenzake mikono yako haitachubuka kama yake.

Sasa nije kwa langu. Mimi nilikuwa gadi wa treni miaka thelathini na mmoja, mtu wa behewa la mwisho, mwenye saa, kitabu na bendera mbili. Kila tulipoondoka na kila tuliposimama niliandika. Kwa hiyo usishangae nikikuuliza. Kilomita arobaini na nne ni kama Voi mpaka Miasenyi, kwa makadirio yangu. Treni ya mizigo ilitumia saa nzima na zaidi. Ninyi dakika kumi na tano! Nimeiandika kwenye daftari langu na kuipigia mstari.

Nataka kujua: ndege inapanda kwa dakika ngapi, na inaanza kushuka lini? Katikati hapo mnawapa watu chai? Nieleze safari moja, kuanzia mlango unapofungwa.

Mjomba wako,
Dishon Oundo


Praslin
5 Machi 2024

Mjomba,

Nimefurahi maji yamerudi. Huku mvua inanyesha inapotaka, na mti wa shelisheli uko nyuma ya kila nyumba. Mashelisheli yake tunayachemsha, tunayakaanga, tunayachoma. Nikirudi sitaki kuyaona tena.

Nilicheka na maswali yako. Ndiyo, chai tunatoa. Mlango ukifungwa nawaonyesha abiria mikanda, kisha tukishakuwa juu nasukuma kitoroli katikati, namwuliza kila mmoja chai au juisi, halafu naokota vikombe. Ni kazi ya kawaida tu.

Mama anaendeleaje na kifua? Mwambie asikae karibu na moshi. Na zile bendera zako bado unazipeleka matangani?

Nasambu


Kaloleni
30 Machi 2024

Mpwa wangu,

Kifua cha mama yako kimepona, kelele zimebaki. Bendera ndiyo, bado nazipeleka. Mazishi yakiwa hapa Kaloleni mimi ndiye mshika ratiba. Msemaji akibakiwa na dakika moja nainua ya kijani nyumba nzima ione, akizidisha nainua nyekundu. Juzi nilimwinulia nyekundu mheshimiwa mmoja akiwa bado anawatambulisha aliokuja nao. Watu walipiga makofi kwenye mazishi! Anti yako aliona aibu, mimi sikuona.

Nimekaa na safari yako. Nimeichora kwa penseli kama tulivyochora treni, saa chini na kilomita pembeni. Dakika kumi na tano. Tuseme tano za kupanda na tano za kushuka, watu wakiwa wamefungwa mikanda. Zimebaki tano, yaani sekunde mia tatu. Abiria kumi na tisa. Kila mtu anapata sekunde kumi na tano na kidogo, na humo umwulize, umimine, anywe, na wewe uokote kikombe. Nasambu, chai ya sekunde kumi na tano inanywewaje? Nilimjaribu Anti yako kwa saa mkononi. Ameungua ulimi na hajaniongelesha tangu asubuhi.

Halafu hicho kitoroli. Ndege ya viti kumi na tisa ina nafasi gani katikati? Upana wake ni kiasi gani? Pima kwa shubiri zako kama huna futi.

Nilitaka kuirudia barua yako ya kwanza nione kama kuna kitu nimekiruka, lakini haipo. Huko Mwatate imepita mikono mingi, na mama yako hajui iliishia kwa nani. Ninalo daftari tu.

Usidhani nakuchunguza. Nimezeeka nikiwa sijawahi kupanda ndege, na sasa nina mtu wangu ndani ya ndege. Nisipouliza mimi atauliza nani?

Dishon


Praslin
2 Mei 2024

Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa na wageni wengi wakati wa Pasaka. Mwambie Anti pole ya ulimi.

Kuhusu hesabu yako, nafikiri umesoma vibaya. Si dakika kumi na tano. Ni arobaini na tano. Labda mwandiko wangu, au miwani. Kwa hiyo chai inawezekana, na hata kupumzika kidogo.

Kilomita ni zile zile.

Nina haraka leo. Wasalimie wote.

Nasambu


Kaloleni
3 Juni 2024

Nasambu,

Sisi tuko vizuri. Mbuzi wa jirani amekula mchicha wa Anti yako. Mama yako anakusalimu.

Nimefuta kumi na tano kwenye daftari na kuandika arobaini na tano. Asante kwa kunisahihisha. Gadi hakosei kunakili namba. Kwenye njia moja ya reli, namba ikinakiliwa vibaya treni mbili zinakutana. Miaka thelathini na mmoja sikukosea, na sasa nimekosea nikiwa kwenye kiti changu, mchana, kwa barua ya mpwa wangu.

Kuna jambo jingine nakuuliza wewe tu. Kilomita arobaini na nne kwa dakika arobaini na tano ni mwendo wa kilomita hamsini na nane na kidogo kwa saa. Ndege haiwezi kubaki juu kwa mwendo huo, hata mimi ninajua. Basi nimekosea kugawanya. Nimegawanya mara sita asubuhi na mara nne jioni, na kila mara inakuja hamsini na nane. Kosa lipo na silioni. Hilo linanitisha, sikufichi. Tulikuwa na dereva mmoja, Maundu, aliyepita ishara nyekundu akaapa mbele ya wakubwa kwamba ilikuwa ya kijani. Hakuwa anadanganya. Yeye aliiona ya kijani.

Nina miaka sabini na miwili. Nadhani kichwa kimeanza kuniacha. Usimwambie mama yako.

Dishon

Nasambu, hapa ni mimi Ajwang'. Bahasha hii nimeifungua kwa mvuke wa birika, na usimwambie. Mjomba wako amempa jirani yetu Wambua bendera zake. Kwenye mazishi ya Jumamosi alikaa nyuma na watoto, na watu wakahutubia mpaka saa kumi na moja. Kila asubuhi ananiambia nimsikilize akitaja stesheni za Voi mpaka Taveta na kilomita zake. Anazitaja zote sawa, nikimwambia ni sawa haamini, anasema namhurumia. Nilimshauri aulize kijana yeyote mwenye simu ya kutafuta mambo hizo dakika za ndege ni ngapi. Akanijibu: "Mtu wangu yuko ndani ya ndege yenyewe, nimwulize nani tena?" Mimi hesabu sijui. Wewe nakujua tangu ulipokuwa unalala kifuani kwangu mama yako akiwa shambani. Jibu upesi.


Praslin
26 Juni 2024

Mjomba,

Kichwa chako ni kizima. Naanza na hilo, salamu zitanisamehe.

Barua yako nimeipata leo saa nne. Nimempigia Anti Ajwang' hapo hapo na kumwomba akufikishie neno moja: kumi na tano. Hakuniuliza mengine. Haya mengine nimeyaleta kwa karatasi kwa sababu nataka uweze kuyasoma mara ya pili ukinikasirikia.

Hukukosea kusoma wala kunakili wala kugawanya. Ndege ya kilomita hamsini na nane kwa saa ingeanguka baharini, na uliliona hilo kabla yangu. Mimi nilipoandika arobaini na tano sikupiga hesabu. Nilisoma kwamba barua ya kwanza imepotea, nikafurahi. Mungu anisamehe, Mjomba, nilifurahi. Nikasema, hana pa kuangalia tena.

Ndege ile haina mhudumu. Ina marubani wawili mbele na abiria nyuma yao, basi. Hakuna chai, hakuna kitoroli. Katikati hata mtoto anapita kiubavu. Wakala wa Nairobi aliniahidi kazi ambayo haipo, na kampuni waliponiambia hivyo nilikuwa tayari nimeshuka na sanduku. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na uwanja alikuwa anatafuta wa kufua. Nafua mashuka. Nimekuwa nikifua mashuka tangu wiki ya kwanza. Hakuna sare ya bluu, kuna aproni.

Ndege hiyo nimeipanda mara moja tu, siku niliyokuja. Nilitazama saa kwa sababu yako. Dakika kumi na tano ndicho kitu pekee cha kweli kwenye barua zangu zote, nacho ndicho nilichokwambia umekosea.

Sikuweza kumwambia Mama. Siku ya kuniaga pale kanisani aliinua mikono yake watu waone ilivyokatwa na mkonge, akasema ya mwanangu itabaki laini. Wote wakasema amina. Ningeandika nini baada ya hapo? Sasa yangu imepasuka kwa sabuni na nimekuwa nikiogopa hata kupiga picha.

Nakuomba usifikirie tena kwamba unaachwa na kichwa chako. Nipigie kelele, niandikie matusi, lakini hilo usilifikirie.

Nasambu


Kaloleni
20 Julai 2024

Nasambu,

Anti yako alikuja mbio kutoka ndani siku ile, na magoti yake yale, akasema, "Kumi na tano." Nilikuwa nanyoa ndevu. Nilimwuliza, "Kumi na tano nini?" Akasema, "Sijui, mtoto amesema kumi na tano na analia." Niliketi kwenye ngazi na povu usoni mpaka likakauka. Kisha nikachukua daftari, nikafuta, nikaandika upya.

Kwa hiyo siku ishirini na tatu, mpaka barua ilipofika, nilikuwa na namba bila sababu. Nilibuni sababu nyingi. Nilidhani ndege zimebadilishwa. Nilidhani umefukuzwa. Hii yako sikuwa nayo kwenye orodha.

Nimekasirika. Nilianza saa nne, mama wa posta aliponipa barua, na saa saba nilikuwa bado. Sikukasirikia mashuka. Nimekasirika kwa sababu uliona sina barua ya kuangalia ukanifanya nijishuku. Ulinijibu kwa mistari mitano, na mmoja wake ulihusu miwani yangu. Mimi ni mzee, Nasambu. Vitu vingi nimeshapoteza na sikulalamika, lakini hiki kichwa ndicho nilichobaki nacho. Wiki nne nimelala nikidhani nitaamka siijui sura ya Ajwang'. Hilo ulilifanya wewe, na ninataka ulijue hivyo, bila kulipunguza.

Haya, nimelisema na limekwisha. Nimecheka pia, usidhani sikucheka. Nilimwonyesha Anti yako pale uliposema ndege ingeanguka baharini, nikamwambia unaona, unaona! Akasema ameona, nikae chini.

Jambo la mama yako siligusi. Hilo ni lako, na halisemwi kwa barua, kwa sababu yeye barua zako huzigawa. Nimemwita kwangu Jumapili tarehe kumi na nane Agosti, kwa kisingizio cha kuku. Barua hii itakuwa imekufikia kama siku sita kabla. Piga saa nane ya kwetu, ambayo kwako ni saa tisa, kwa simu ya Anti yako. Mimi nitakuwa nimekaa karibu. Sitamshika mkono wala sitamsemea.

Dishon


Kaloleni
26 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Nimechukua bendera zangu kwa Wambua. Alikuwa hajainua nyekundu hata mara moja, anasema anaona haya. Anti yako ni mzima na kuku aliliwa.

Najua simu ile imekuacha bila usingizi. Wewe ulisikia "sawa" moja, kisha ikakatika. Mimi nilikuwa chumbani, kwa hiyo nakuandikia ambayo simu haikuyabeba.

Alipoirudisha simu mezani alibaki ameitazama. Anti yako alimletea maji, hakunywa. Nikafikiri atalia, nikafikiri atanigeukia mimi kwamba nilijua nikanyamaza, na ningestahili. Baadaye akauliza, "Kaka, wanafulia maji ya moto au ya baridi?" Nikasema sijui. Akasema kama ni ya moto ndiyo yanayopasua mikono, apake mafuta kabla na si baadaye. Kisha akaondoka kwenda Mwatate, hata mabaki ya kuku hakuyachukua. Hilo lilinipa wasiwasi kuliko yote.

Jana alituita mimi na Anti yako tuje kanisani kwake. Baada ya ibada kikundi chao kilibaki, wanawake kama thelathini, wengi ni wa mkonge. Akasimama mbele. Hakuwa na karatasi. Akasema, "Mtoto wangu Nasambu niliwaambia anafanya kazi ndani ya ndege. Hafanyi kazi ndani ya ndege. Anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Alinidanganya kwa sababu ya maneno niliyoyasema mimi hapa mbele yenu, na ninyi mkasema amina. Barua yake niliwapa mkaisoma. Nimesimama ili asije mtu akanong'ona nyuma yangu. Mwenye swali aulize sasa, nipo."

Nasambu, ungemwona. Alikuwa ameiachia wazi ile mikono yake na hakuificha popote. Mwanamke mmoja alianza kufuta macho, mwingine akaangalia chini. Nilidhani itaishia hapo, na ingetosha.

Lakini mimi nilikuwa na swali. Nikanyoosha mkono kule nyuma. Anti yako alinivuta koti, nikasimama hivyo hivyo. Mama yako akanitazama kwa jicho kali, akasema, "Haya, Dishon."

Nikauliza, "Kwa siku moja anafua mashuka mangapi?"

Wakacheka wote, na yeye akacheka, mpaka akakaa. Aliponyamaza akasema kwa kweli hajui, hakukumbuka kuuliza, na kwamba angependa kujua. Akaniambia nikuandikie.

Basi nakuandikia. Ni mangapi, na moja linakuchukua dakika ngapi?

Mjomba wako,
Dishon Oundo